Marehemu Aliyepata Mia kwa Mia

Ilikuwepo nchi, na bado ipo, tena ina bendera, wimbo na uwanja wa ndege. Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu raia wake wenyewe walikatazwa kulitaja mpaka wajue kulitamka. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imegundua, baada ya semina ndefu yenye chakula kizuri, kwamba kilichokuwa kinawarudisha watu nyuma si ukosefu wa maji, wala si zile barabara ambazo magari yalizikwepa kwa kupita mashambani. Kilikuwa ni ulimi. Ulimi wa raia ulikuwa mzito. Wageni wenye mitaji walikuwa wanashuka kwenye ndege, wanasalimiwa kwa Kiingereza, wanashtuka, wanapanda tena ndege ileile na kurudi kwao.

Basi ikaundwa Wizara ya Ulimi, na waziri wake akawa Mheshimiwa Daktari Zakayo Mapunjo.

Wenye kumbukumbu walimfahamu. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Tai, mwaka ule wakulima walipoamriwa kulima wakiwa wamefunga tai, na wengine tai zao zikanaswa kwenye plau wakaburutwa na ng'ombe wao hadi mwisho wa shamba. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Mistari, mwaka ule mihogo ilipong'olewa ikiwa imekomaa kwa kosa la kutoota kwa kunyooka. Watu walikula majani mwaka huo. Mapunjo hakuulizwa habari za tai wala za mihogo. Katika nchi ile kiongozi akiharibu anahamishwa akaharibu pengine, ili uharibifu usirundikane sehemu moja.

Safari hii Mapunjo alileta vishikwambi. Kila kaya ilipewa kimoja, itake isitake, na ndani ya kila kishikwambi alikaa mwanamke. Haonekani, anasikika tu, anaongea Kiingereza laini cha mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo. Watu wakamwita Madamu. Kazi yake ilikuwa kutamka sentensi, raia arudie, naye atoe alama. Kila raia alianza na mia, na kwa kila kosa Madamu alikata. Ukivuka nusu, taa ya kijani. Usipovuka, taa nyekundu, na ile sauti yake ya huruma inayoudhi kuliko tusi: jaribu tena, mpenzi.

Sentensi ya taifa ilikuwa moja. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Hali ya hewa leo inapendeza mno; je, tukanywe chai bustanini?" Katika mji wa Mavumbini, ambako mambo haya yalitokea, bustani ya mwisho ililiwa na mbuzi zamani sana, na hali ya hewa ilikuwa ni vumbi. Lakini bila kuitamka sentensi hiyo na kupata kijani, hakuna huduma. Nyumba ya Mzee Makungu iliposhika moto, alikimbilia kituo cha zimamoto akawekewa kishikwambi mbele yake. Aliambiwa arudie, arudie tena, ulimi aupeleke mbele kidogo, asitetemeke. Alipewa kijani paa lilipokuwa linadondoka. Wakampigia makofi. Mama mmoja alijifungua kwenye foleni ya hospitali akiwa katikati ya neno "bustanini". Mtoto akalia, na Madamu akamkata mtoto alama.

Siwema binti Magoma aliyaona yote hayo akayapita kama mtu anavyopita ugomvi wa jirani. Alikuwa anauza vitumbua kwenye mnada wa ng'ombe, na ng'ombe hawajawahi kuuzwa kwa Kiingereza. Mumewe, Athumani Ndogoro, ndiye aliyekuwa mnadi wa pale. Sauti yake ilikuwa inafika kijiji cha pili. Nyumbani aligombana na Madamu kila jioni.

"Bustani ipi, we mwanamke?" alikuwa anamuuliza. "Nionyeshe hiyo bustani, nami nitakuletea chai!"

Jaribu tena, mpenzi.

"Na mpenzi wako nani? Siwema, sikia huyu!"

Athumani hakuwahi kuvuka. Alama zake zilikuwa zinashuka mpaka chini ya sifuri, mahali ambapo wataalamu walikuwa wamesema hapafikiki.

Siku moja ya mnada, akiwa amesimama juu ya kreti la soda anamsifu fahali mwenye jicho moja, Athumani alinyanyua mkono kutaja bei, akanyamaza, akaanguka. Watu walidhani ni mbinu ya biashara. Walisubiri. Fahali naye alisubiri.

*

Afisa Ulimi wa Kata aliitwa Fanuel Kichonge, kijana aliyevaa skafu shingoni hata wakati wa joto ili kulinda koo, maana koo lake lilikuwa mali ya serikali. Siwema alipoingia ofisini, Kichonge aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti ili asisikike akitumia Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefiwa."

"Pole sana. Nani?"

"Mume wangu. Nimekuja kuomba kibali tukamzike leo hii, maji ya kumwoshea yapo jikoni."

"Yule mnadi?"

"Ndiye."

Kichonge alivuta pumzi. "Basi mama, yule hazikwi."

"Hazikwi vipi?"

"Sheria inasema raia haruhusiwi kuondoka nchini kabla hajahitimu matamshi. Kwa miguu, kwa gari, wala kwa ndege."

"Haondoki, baba. Yuko uani kwangu, amelala kwenye kitanda cha kamba."

"Kufa ni kuondoka, mama. Tuliwauliza wanasheria, wakakaa hotelini wiki nzima, wakatuambia ni kuondoka."

Siwema alimtazama usoni akitafuta tabasamu, maana utani wa vijana wa siku hizi hauna mpaka. Uso ulikuwa mkavu kama bomba la mtaani.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Afanye mtihani."

"Nani?"

"Marehemu."

Wakaondoka pamoja. Msibani kulikuwa kumejaa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanaume nje kwenye mabenchi, na katikati yao alikuwa anatembea Nyamizi, akiwa amevaa koti la Athumani, kofia ya Athumani, na mwendo wa Athumani, ule wa kutanguliza tumbo. Nyamizi alikuwa mtani. Watu wake, wale wa Milimani, walipigana na watu wa Mavumbini enzi za mababu, wakachoka, wakakubaliana kuwa badala ya kuuana watatukanana. Tangu hapo, akifa mtu wa upande mmoja, wa upande wa pili huja msibani kumkejeli. Huvaa nguo zake, huigiza sauti yake, hueleza madeni na uongo wake wote, na jeneza halipiti mlangoni mpaka mtani aridhike. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Hata polisi hawakasiriki. Anayemkasirikia mtani msibani huchekwa na kila mtu, na kicheko hicho humfuata mpaka uzeeni.

"Mwongo mkubwa huyu!" Nyamizi alikuwa anapaza sauti. "Aliniuzia mbuzi akaapa ana mimba, nikamtunza mbuzi miezi, kumbe ni dume! Leo amelala anajifanya msikivu. Amka urudishe mbuzi!"

Wanawake walicheka, wakajifuta machozi, wakacheka tena. Ndivyo watu wa Mavumbini wanavyozika. Siwema peke yake hakucheka wala hakulia.

Kichonge aliomba nafasi. Akapiga magoti kwa adabu pembeni ya kitanda cha kamba, akaweka kishikwambi karibu na kichwa cha marehemu, akabonyeza. Madamu akaitamka sentensi yake: hali ya hewa, chai, bustani.

Athumani hakujibu.

Madamu alisubiri. Akarudia. Akarudia tena, polepole, kama anavyoongea na mtoto. Athumani alikuwa ametulia, midomo imefungwa vizuri, mikono kando. Kosa la irabu hakuna. Kosa la mkazo hakuna. Muda ulipokwisha, Madamu alihesabu makosa yote aliyoyasikia, akakuta hajasikia hata moja.

Taa ya kijani ikawaka. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna kishikwambi kilichowahi kulifanya tangu mradi uanze: kikapiga muziki.

"Mia kwa mia," alisema Kichonge, na skafu ikamdondoka.

"Amefaulu?" aliuliza Siwema.

"Mia kwa mia!"

"Haya, Mungu amjalie. Waoshaji, njooni."

"Mama, hujanielewa." Kichonge aliokota skafu. "Kijani ni ya huduma tu; kuhitimu ni mia kamili, na nchi nzima haijapata mhitimu. Hata Waziri mwenyewe…" Akajirudi. "Yaani, huyu ndiye wa kwanza. Huyu sasa ni mali ya taifa."

Kabla jua halijazama lilikuja lori la machinjio, lile lenye barafu ya kuhifadhia nyama. Wanawake wa msibani walining'inia kwenye miguu ya kitanda, wakatolewa mmoja mmoja. Nyamizi alimng'ata askari. Lori lilipoondoka, Siwema alibaki amesimama uani na sanda mkononi, na jikoni maji ya kumwoshea mumewe yalikuwa yanapoa kwenye sufuria.

*

Redio ya taifa ilimtangaza asubuhi, mchana na jioni. Ndugu Athumani Ndogoro, raia wa hali ya chini, mwenye bidii ya pekee. Akapewa stempu yenye picha yake. Shule zikaamriwa kufuata Mbinu ya Ndogoro. Walimu wakauliza mbinu hiyo ni ipi, wakajibiwa kuwa utafiti unaendelea, ila kwa sasa wanafunzi wakae kimya. Mapunjo mwenyewe, ilitangazwa, angefika Mavumbini kufanya Mahafali ya Kwanza ya Ulimi, na mhitimu angevishwa joho mbele ya wageni wenye mitaji. Baada ya hapo angepelekwa mji mkuu, awekwe kwenye ukumbi wa wizara, ndani ya kioo, ili kizazi kijacho kije kijifunze.

Siwema alikuwa anaenda ofisini kwa Kichonge kila siku.

"Ulisema asiyehitimu hazikwi," alimwambia.

"Ndiyo, mama."

"Amehitimu."

"Aliyehitimu naye hazikwi, mama. Ni hazina."

"Sasa nchi hii anazikwa nani?"

Kichonge alikuna kichwa. Alikuwa na mama yake kijijini, na usiku uliopita alikuwa ameota yuko kwenye lori la barafu. Akasema kwa sauti ndogo, "Aliyefutwa."

"Ndiye nani huyo?"

"Anayefeli hadharani mbele ya Waziri. Anafutwa papo hapo. Jina lake linatolewa kila mahali, inakuwa kama hakuwepo. Na mtu ambaye hakuwepo, mama, serikali haina shida na maiti yake. Lakini usiniangalie hivyo. Mke wake naye anafutwa. Kadi ya kioski cha maji inachukuliwa."

"Kile kioski kina maji?"

"Hakina."

"Basi waichukue."

"Na meza yako ya vitumbua mnadani itapigwa teke. Hutauza tena hapa wala popote. Ukiwa umefutwa hata salamu hupewi, maana anayekusalimia anasemaje? Anasalimia hewa?"

Siwema alirudi nyumbani polepole. Nyamizi alikuwa kwenye kizingiti, bado na koti la Athumani, kwa sababu mtani haondoki mpaka marehemu azikwe, na mtani huyu alikuwa anawamalizia unga.

"Karibu kwako, mke wa hazina ya taifa," Nyamizi alisema. "Chakula hakipo, nimekula."

"Leo sina kicheko, Nyamizi."

"Nani kakuomba? Kucheka ni kazi yangu. Yako ni kulia, nawe huifanyi. Nimekuangalia. Wanawake wote wa mtaa wamekulilia mumeo ila wewe."

"Nitalia akiwa ardhini. Sasa hivi nimlilie wapi? Machinjioni, katikati ya mapaja ya ng'ombe?" Siwema alikaa chini. Akamweleza yote: joho, kioo, kufutwa, meza ya vitumbua. Alieleza akiwa anaangalia lile kaango lake la vitumbua, lenye mashimo, jeusi, alilorithi kwa mama yake, lililowalisha wao wote miaka yote.

Nyamizi alisikiliza. Kofia ikasogezwa nyuma.

"Yaani tatizo ni kwamba amefaulu."

"Ndiyo."

"Athumani! Mtu ambaye hajawahi kufaulu kitu chochote mchana kweupe! Siwema, mumeo alikuwa bingwa wa kufeli, ni kwamba tu hawajamsikia." Alikohoa kidogo, kile kikohozi kifupi ambacho Athumani alikitoa kila alipotaka kutaja bei, na Siwema akaruka kama aliyeguswa na moto. "Nani atanizuia? Mimi ni mtani. Ila wewe ndiye utakayelipa, si mimi. Mimi kwetu ni Milimani, nitapanda nirudi. Wewe watakupiga teke hapa hapa. Sema."

Siwema aliliinua kaango, akalifunika kifudifudi.

"Wapige," alisema.

*

Uwanja wa mnada ulifagiliwa, kinyesi cha ng'ombe kikafunikwa kwa zulia. Wageni wenye mitaji walikaa mbele kwenye viti vya kulalia, chini ya turubai. Raia walisimama juani. Jukwaani ililetwa meza ndefu iliyofunikwa kitambaa kinachogusa chini, na juu ya meza, kwenye kitanda chake cha kamba, Athumani Ndogoro, amevishwa joho jeusi na kofia ya pembe nne, barafu ikichuruzika pande zote. Siwema aliwekwa safu ya pili. Hakuwa amemwona mumewe tangu lori lile. Alimwona, akaona kofia imekaa upande, akatamani kuinyoosha.

Nyamizi alipanda jukwaani bila kuitwa, akaketi upande wa kichwa.

"Huyu mwanamke mwenye koti la kiume ni nani?" aliuliza Mapunjo.

"Utamaduni, mheshimiwa," alijibu Kichonge haraka.

"Aha, utamaduni. Akae. Apigwe picha."

Mapunjo akawapa mgongo wote wawili, marehemu na utamaduni, akaelekea kwenye kamera.

"Ndugu wananchi! Mmezoea kusema serikali haiwafikirii. Leo ninawaonyesha raia. Mtazameni! Huyu hajakosea hata herufi. Huyu hajauliza maji. Huyu hajauliza barabara. Tangu ahitimu hajatoa hata lalamiko moja, hajaandika barua, hajaitisha mkutano. Huyu ameutawala ulimi wake! Nchi ikiwa na watu milioni kadhaa kama huyu, ndugu zangu, mimi nitalala usingizi."

Wageni wenye mitaji walipiga makofi. Raia nao wakapiga, kwa kuwa askari walikuwa wamesimama nyuma yao.

"Na ili mtu asije akasema tumepika matokeo," Mapunjo aliendelea, "atafanya mtihani mbele yenu. Kama mjuavyo, kwa mujibu wa sheria, Madamu hawezi kukosea. Madamu!"

Kishikwambi kilikuwa kimeunganishwa na vipaza sauti. Sauti laini ikaenea uwanjani, ikapita juu ya zulia na kilichokuwa chini ya zulia: hali ya hewa leo inapendeza mno, je, tukanywe chai bustanini?

Kimya. Mapunjo alitabasamu kwenye kamera. Nyuma yake, Nyamizi alijilaza taratibu juu ya ukingo wa meza, akavuta kofia yake ikafunika uso wote.

Kikasikika kikohozi kifupi.

"Haya haya haya! Sogeeni, sogeeni! Aliye mbali asije akalalamika!"

Ilikuwa ni sauti ya Athumani. Mbuzi waliofungwa nje ya uwanja walisimamisha masikio.

"Leo tuna dume moja, waungwana! Limetoka mji mkuu, linakula sana, halilimi! Tazameni shavu! Tazameni kitambi! We mzee wa nyuma, usilisogelee, linahutubia! Nani anaanza?"

Taa nyekundu. Madamu akakata. Kisha, kutoka mahali pasipojulikana katikati ya raia, mtu mmoja akasema: "Kuku."

"Kuku! Nimesikia kuku! Kuku wa namna gani?"

"Mwenye kideri!"

"Kuku mgonjwa wa kideri, anataga au hatagi, hatujali! Waungwana msinivunjie heshima, dume hili lina udaktari! Limeshavalisha watu tai! Limeshang'oa mihogo! Nani anaongeza?"

"Ndoo iliyotoboka!" alisema mwingine.

"Ndoo iliyotoboka! Juu ya kuku au badala ya kuku?"

"Badala!"

"Bei inashuka, mimi silaumiwi!"

Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Alama ziliporomoka kwenye ubao mkubwa wa jukwaani, zikafika sifuri, zikatoboa, zikaendelea kushuka. Raia walikuwa wanacheka sasa, kicheko kile kilichofungiwa tangu mwaka wa tai, na askari waliokuwa nyuma yao walikuwa wanacheka pia wakiwa wameangalia chini. Madamu alijaribu kusema jaribu tena mpenzi, akakwama kwenye mpenzi. Halafu, kwa sauti ileile laini, kwenye vipaza sauti vyote, akatoa hukumu: mtahiniwa amefeli. Mtahiniwa afutwe.

Mapunjo aligeuka. Aliona joho, kofia ya pembe nne, midomo iliyofungwa. Pembeni aliona utamaduni umesinzia.

"Nani amesema?"

Akamgeukia afisa wake.

"Kichonge! Nani amesema?"

"Mh… mhitimu, mheshimiwa."

"Mhitimu amekufa, mpumbavu wewe!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno hayo yalifika kwa raia, yakafika chini ya turubai. Wageni wenye mitaji waliulizana kitu. Mmoja akavua miwani ya jua.

Hapo ndipo Mapunjo alipoanza kutoka jasho. Akisema marehemu hakusema, basi marehemu ni maiti, na serikali imeivisha maiti joho, imeichapishia stempu, na Madamu asiyekosea amemfelisha mtu aliyekaa kimya. Akisema amesema, basi amefeli. Aliangalia kushoto kama kuna wizara nyingine ya kuhamia. Macho yake yakamwangukia Siwema.

"Mama!" alisema, na sauti yake ikawa tamu ghafla. "Wewe ndiye unayemjua mzee wetu. Tuambie ukweli, na serikali haitakusahau. Hiyo iliyosikika, ni sauti ya mumeo?"

Siwema alisimama. Alijua akisema siyo, atarudi kwenye meza yake ya vitumbua, tena wangempa hata turubai, na Athumani angeingia kwenye kioo asitoke tena. Jambo lililomtesa ni kwamba hakuhitaji kudanganya sana. Aliisikia sauti ile kwa masikio yake, na mwili wake wote ulikuwa umejibu.

Akaweka mikono kiunoni.

"Athumani!" alimkaripia. "Hata kufa hujui? Mbele ya wageni! Nimekuambia mara ngapi usinadi kitu cha mtu bila ruhusa? Haya, Waziri wa watu huyo unamuuza, mwenye mali umemuuliza?"

Uwanja mzima ukageuza macho kwa wakati mmoja kuwatazama wale waliokaa chini ya turubai, na kicheko kilichopasuka hapo kiliangusha nguzo moja ya turubai lenyewe.

Siwema hakuwasikia. Alikuwa bado anamkaripia. "Umeniacha na nani wa kugombana naye? Eh? Nyumba imenyamaza mpaka nasikia mchwa! Nani ataninyima usingizi sasa? Athumani! Athumani wee!" Na hapo katikati ya karipio kilio kikamtoka, kirefu, kinene, kile alichokuwa amekibeba tangu siku ya fahali. Madamu alikisikia kupitia vipaza sauti, akamkata alama zote kwa mpigo mmoja.

"Wafutwe!" alipiga kelele Mapunjo. "Wote wawili! Mume na mke! Toeni hiki kitu!"

Joho likavuliwa kwa nguvu, kofia ikanyakuliwa. Kitanda cha kamba kikasukumwa mpaka ukingoni mwa jukwaa. Nyamizi alikipokea kwa bega lake, na kabla hakijapinduka, mabega mengine yalikuwa yameshafika.

*

Walimwosha nyumbani kwake kwa maji yaliyochemshwa upya. Tangazo lilipita mitaani kuwa hakuna mtu aliyefariki, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwepo, na kwa hiyo asionekane mtu akisindikiza. Watu walisikiliza tangazo mpaka mwisho, wakavaa kanzu, wakatoka. Kichonge alisimama mlangoni pa ofisi, skafu mkononi. Msafara ulipompita alishuka ngazi, akachukua zamu yake chini ya jeneza, akaenda akiangalia mbele. Nyuma yake askari walikuwa tayari wanaipiga teke ile meza ya vitumbua, kama ilivyoagizwa.

Wanawake wa Mavumbini hawana desturi ya kwenda makaburini. Mzee mmoja alitaka kumrudisha Siwema. "Mimi sipo, babu," alimjibu. "Unamrudisha nani?" Wakamwacha apite, na Nyamizi hakuna aliyethubutu kumgusa.

Athumani akalazwa. Udongo ukajazwa. Shehe akachuchumaa upande wa kichwa, akamsomea yale anayosomewa kila maiti: kwamba watamjia malaika wawili, watamuuliza, asiogope, na majibu ni haya na haya. Alipomaliza, Nyamizi alivua lile koti kwa mara ya kwanza, akalikunja, akamkabidhi Siwema. Akainama juu ya kaburi.

"Umesikia, we mwongo?" alisema. "Una mtihani mwingine. Lakini hao wanaokuja wanajua lugha zote. Jibu kwa ile uliyonyonya kwa mama yako, hakuna atakayekukata."

Watu walicheka kidogo, kama inavyofaa. Siwema alisogea mbele na koti lake mkononi.

"Na usiwapigie kelele," alimwambia mumewe. Akafikiri. Akapangusa uso. "Hapana. Wapigie."